Piano ya Urithi: Namna ya Kujua Ilitengenezwa Lini na Ilifikaje Dodoma

Wanaorithi piano huku kwetu hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanafungua kifuniko, wanasoma jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu, wanalitafuta kwenye simu na kukuta kiwanda kilianzishwa 1853. Jioni hiyo hiyo ukoo mzima umeshatangaziwa kwamba piano ya babu ina miaka zaidi ya 170.

Bechstein ya Berlin, Blüthner ya Leipzig na Steinway ya New York zote zilianzishwa mwaka huo wa 1853, na zote bado zinatengeneza piano hadi leo. Jina peke yake, basi, halikuambii kama chombo chako ni cha 1880 au cha 1980.

Kuna maswali mawili hapa, na kila moja lina pa kuulizwa. Ilitengenezwa lini na wapi? Hilo unaliuliza mwili wa piano. Ilifikaje Dodoma, na ilipita mikononi mwa nani? Hilo unawauliza watu na makaratasi. Anza na mwili. Ukianza na watu, hadithi nzuri itakuingia kichwani na utaanza kuona kwenye mbao kitu unachotaka kukiona.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tochi, si ya simu tu. Simu utaihitaji kupigia picha wakati tochi inamulika.
- Bisibisi bapa na ya nyota, zenye ncha nzima. Skrubu za zamani huharibika vichwa upesi.
- Brashi laini ya rangi, mpya na kavu.
- Barakoa na glavu.
- Futikamba ya fundi nguo na rula.
- Bahasha ndogo za karatasi za kuwekea kila kinachookotwa ndani.
- Daftari lenye safu mbili kila ukurasa: Nimeona na Nimeambiwa.
- Mtu mmoja mwenye nguvu na subira.

Usilete maji, mafuta ya mbao, wala dawa ya wadudu ya kupuliza. Hayo ni ya siku nyingine, na mengine ni ya kamwe.

## Hatua ya 1: Waambie wenzio kwenye urithi

Fanya hivi kabla ya kushika bisibisi. Mkiwa warithi zaidi ya mmoja, mtu akikukuta umefungua piano na kupiga picha namba, atakachofikiria kwanza ni kwamba unatafuta mnunuzi. Mpigie simu baba mdogo, mpigie shangazi, waeleze unachotafuta. Shangazi akishajua, mara nyingi ndiye mwenye picha ya zamani ambayo piano inaonekana nyuma ya watu waliokaa kwenye harusi.

Umefanikiwa kama: hakuna atakayeshangaa ukianza kuuliza maswali, na angalau mtu mmoja ameahidi kupekua sanduku lake.

## Hatua ya 2: Fungua bila kuvunja

Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 300, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma, kwenye fremu ya chuma. Ukiivuta kutoka ukutani kwa pupa inaweza kuangukia mgongo. Kama magurudumu yameshika kutu au sakafu ni ya udongo, usiivute. Fanyia kazi mbele, na nyuma utaitazama kwa kuingiza simu pembeni.

Inua kifuniko cha juu. Ndani, kushoto na kulia, utaona vishikizo vya mbao au chuma vinavyozunguka. Vizungushe, ushike ubao wa mbele kwa mikono miwili, uulaze kuja kwako, kisha uuinue. Ubao wa chini, ule wa juu ya pedali, kwa kawaida hushikwa na bamba la chuma lenye springi lililo chini ya kitanda cha vibao (vile vyeupe na vyeusi vya kubonyeza kwa vidole). Libonyeze juu, ubao utakujia wenyewe.

Piga picha kila kitu kabla ya kukigusa. Tena kabla ya kufuta vumbi, maana baadhi ya maandishi unayoyatafuta ni ya penseli, na kitambaa kikipita mara moja yamekwenda.

Onyo la kwanza. Usilegeze pini za nyuzi wala boliti za fremu. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya tani nyingi. Uzi ukikatika karibu na uso hauna msamaha.

Onyo la pili. Ukiona unga mweupe kwenye ubavu wa vibao, pale palipopachikwa vipande vya madini ya risasi kwa ajili ya uzito, hiyo ni risasi iliyooza, na ni sumu. Vaa barakoa, usipulize, na watoto wakae mbali. Ukiona vichuguu vya mchwa, simamisha kila kitu na ushughulikie mchwa kwanza, maana ubao uliolika ndani unaweza kuvunjika mkononi mwako.

Umefanikiwa kama: unaona vinyundo, nyuzi na fremu ya chuma, na kila ulichotoa kimelala chini kwa mpangilio kikiwa na picha yake.

## Hatua ya 3: Itafute namba ya seriali

Hapa ndipo wengi huokota namba isiyo yenyewe, kwa sababu piano ina namba nyingi.

Tafuta kwa mpangilio huu: juu kabisa karibu na pini za nyuzi, mahali ambapo fremu huachwa tundu dogo na namba ikagongwa kwenye mbao, kwenye fremu yenyewe, juu ya ukingo wa ubavu wa kushoto na wa kulia, pale kifuniko kinapolala, upande wa ndani wa kifuniko, nyuma, kwenye nguzo za mbao au kwenye ubao wa sauti, na mwisho kwenye ubavu wa kibao cha kwanza kushoto.

Seriali kwa kawaida huwa na tarakimu nne hadi sita, na mara nyingi imegongwa kwa muhuri au kuandikwa kwa rangi. Namba zilizovimba kama sehemu ya chuma chenyewe ni za kalibu ya kuyeyushia chuma, au za hataza (haki ya uvumbuzi). Usizichukue. Namba fupi za tarakimu mbili au tatu zinazojirudia nyuma ya ubao wa mbele, wa chini na wa kifuniko ni za mafundi wa kuunganisha kiwandani, na pengine ni tarakimu za mwisho za seriali.

Hizo fupi zina faida yake. Zikilingana kote, mbao zote zilizaliwa pamoja. Ubao wa mbele ukiwa na namba ngeni, basi umetoka kwenye piano nyingine, na jina lililo juu yake linaweza kuwa la piano hiyo nyingine. Piano nyingi zilizokwishapitia mikononi mwa mafundi kadhaa ziko hivyo.

Kama namba imefifia, usiisugue. Zima taa ya chumba, shikilia tochi ubavuni kabisa mwa mbao ili mwanga uteleze juu yake, kisha piga picha. Kivuli kitajaa kwenye mikwaruzo na tarakimu zitasimama.

Umefanikiwa kama: una namba moja unayoiamini, yenye picha mbili: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha ipo sehemu gani ya piano.

## Hatua ya 4: Soma maandishi mengine yote

Jina la kwenye kifuniko cha vibao linaweza kuwa la kiwanda, na linaweza kuwa la duka. Wauzaji wa muziki wa London, Bombay na miji ya pwani walikuwa wakiagiza piano na kuzibandika majina yao. Ukiona jina halifuatwi na neno la kiwanda, kama vile *Pianofortefabrik* kwa Kijerumani au *makers* kwa Kiingereza, liweke kwenye daftari kama "jina, halijathibitishwa" na uendelee.

Alama hizi zina tarehe ndani yake:

Medali. Piano nyingi zina picha za medali za maonyesho zenye miaka. Chukua ule wa karibuni zaidi. Ukiona medali ya 1885, piano haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, ingawa inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye.

*Gegr.* Ni kifupi cha Kijerumani cha "imeanzishwa". Mwaka unaofuata ni wa kiwanda, ule ule unaowapotosha watu.

Nchi. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyozilazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa zilikotoka, na *Made in Germany* kwa Kiingereza ilianzia hapo. Kwa hiyo maneno hayo yanaashiria piano ya baada ya 1887, na tena iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Waingereza. Piano ya Ujerumani yenye maandishi ya Kijerumani matupu inaelekea zaidi kuwa ilinunuliwa na Mjerumani kwao. Ukikuta *German Democratic Republic*, au *GDR*, basi ni ya kati ya 1949 na 1990, na zile hadithi za mmishonari wa kwanza zifungwe hapo.

*Rd No.* Ikifuatwa na namba kwenye kipande cha shaba, ni usajili wa umbo nchini Uingereza, mfumo ulioanza 1884. Orodha za namba hizo na miaka yake zinapatikana bure mtandaoni.

Mitambo ya ndani. Jina kwenye reli ya vinyundo mara nyingi ni la mtengenezaji wa mitambo tu. Schwander alikuwa Paris, Renner alianzia Stuttgart. Viwanda vingi vilinunua kutoka kwao, kwa hiyo usimtangaze Schwander kuwa ndiye aliyetengeneza piano yako.

Sasa penseli. Mafundi wa kutyuni walikuwa na tabia ya kuandika jina na tarehe ndani: pembeni mwa mitambo, juu ya fremu, na hasa kwenye vibao. Kibao cha kwanza kushoto kikikubali kutoka kwa wepesi baada ya kifuniko cha vibao kuondolewa, kitoe na ukisome pande zote. Kikigoma, kiache, maana kwenye piano za zamani vibao vingine vimeunganishwa na mitambo ya juu, na ukilazimisha utavunja kijiti ambacho hakuna duka la Dodoma linalokiuza.

Tarehe husomwa siku kwanza: 7.3.28 ni Machi 7, 1928. Angalia mkono wa Kijerumani, ambao moja yake ina mkia mrefu unaoifanya ifanane na saba yetu, na saba yake ina mstari katikati. Ukikuta maandishi ya Kigujarati usiyaruke. Mpelekee picha mzee wa Kihindi wa mjini anayesoma. Linaweza kuwa jina la duka au la mchukuzi.

Halafu ingiza brashi polepole chini ya vibao na kwenye sakafu ya piano, karibu na pedali. Senti za kikoloni zenye tundu, pini za nywele, vipande vya bahasha, risiti: kila kimoja kwenye bahasha yake, na uandike kilikuwa wapi. Sarafu ina mwaka, lakini inathibitisha tu kwamba piano ilikuwa mahali sarafu hiyo inatumika, mwaka huo *au baadaye*.

Umefanikiwa kama: safu ya "Nimeona" ina angalau tarehe moja ya chini, yaani mwaka ambao piano haiwezi kuutangulia.

## Hatua ya 5: Soma umbo

Hatua hii ni fupi, na ni ya kuhakiki tu. Hesabu vibao: 85 ni kawaida kwa piano nyingi za karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, 88 ndicho kipimo kilichobaki. Tazama nyuzi: zikishuka zote sambamba ni mtindo wa zamani zaidi, zile nene zikikatiza juu ya nyembamba ni mtindo uliokuja kuushinda. Tazama mbele ya vinyundo: ukiona safu ya nyaya zilizosimama wima kama kizimba cha ndege, vizima sauti viko juu ya vinyundo, mtindo uliopendwa sana Uingereza na Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ukaendelea kwenye piano za bei nafuu hata baadaye. Matundu mawili yaliyozibwa kwenye ubao wa mbele yalikuwa ya vishikio vya mishumaa.

Angalia pia skrubu za shaba zilizopigwa mahali ambapo gundi ingetosha, na felti zilizoshonewa au kupigiliwa badala ya kubandikwa tu. Hizo zilitengenezwa makusudi kwa nchi za joto. Piano ya namna hiyo haikufika Afrika kwa bahati. Tangu kiwandani ilijulikana inakuja huku.

## Hatua ya 6: Peleka namba kwa wenye orodha

Kama kiwanda bado kipo, anza nacho. Steinway, Bechstein, Blüthner, Petrof, Yamaha na Kawai wana orodha za seriali na miaka, na ukiandika barua pepe yenye picha utajibiwa. Andika kwa Kiingereza kifupi: jina, namba, picha tatu, swali moja.

Kama kiwanda kilikufa, na viwanda vingi vya Uingereza vimekufa, kuna kitabu kinachotumiwa na mafundi dunia nzima, *Pierce Piano Atlas*, chenye namba za maelfu ya watengenezaji. Si lazima ukinunue. Fundi yeyote wa piano makini, awe Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, anacho au anamjua aliye nacho.

Broadwood ya London ina bahati ya peke yake. Vitabu vyake vya zamani vimehifadhiwa Surrey History Centre, Woking, na kwa piano nyingi vinaonyesha ilipelekwa kwa nani. Kwa wengine usitegemee jina la mnunuzi. Kiwanda cha Blüthner kiliteketea kwa mabomu Desemba 1943, na hakikuwa peke yake.

Orodha za namba hutaja mwaka mmoja kwa rundo la namba, kwa hiyo andika "karibu na 1908", si "1908". Kisha rudi hatua ya 4 uone kama mwaka huo unapingana na medali au alama ya nchi. Ukipingana, namba uliyopeleka siyo.

Umefanikiwa kama: mwaka wa orodha, alama za mwilini na umbo vinakubaliana bila kusukumwa.

## Hatua ya 7: Pima hadithi ya safari kwa reli

Sasa unahamia swali la pili, na chombo chako bora ni tarehe za reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Kabla ya 1910 mizigo ya kuja Ugogo ilibebwa na wapagazi, mzigo wa kila mmoja ukiwa karibu kilo 30. Piano haigawanyiki mizigo minane. Ilikuwa inawezekana kuifunga kwenye miti na kuibeba kwa watu wengi wa kupokezana, lakini ni kazi na gharama ambayo ingeandikwa mahali: barua, shajara, hesabu za misheni. Kwa hiyo ukiambiwa piano ilikuja Mvumi au Mpwapwa 1895, usikatae, ila dai karatasi. Ukiambiwa ilishushwa stesheni ya Dodoma baada ya 1910, mzigo wa ushahidi ni mwepesi zaidi.

Kosa la hatua hii ni kudhani mwaka wa kutengenezwa ndio mwaka wa kufika. Piano ya karibu na 1908 inaweza kuwa ilikaa sebuleni Ulaya miaka arobaini, ikaja Kongwa 1948 na familia ya mtumishi wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga.

Chora mstari daftarini. Kushoto weka mwaka wa kutengenezwa, kulia mwaka ambao mtu aliye hai anaikumbuka ikiwa nyumbani. Pengo lililo katikati ndilo unalolitafutia majina.

## Hatua ya 8: Keti na wazee

Nenda na picha zilizochapishwa, kubwa, si za kwenye simu. Salimia kwa utaratibu, *mbukwenyi* na yote yanayofuata, usitoe daftari kabla ya kukaribishwa.

Usiulize mwaka. Ukimuuliza bibi wa miaka 85 "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe, nawe utauandika kama Biblia. Uliza piano ilikuwepo kabla au baada ya jambo fulani. Kwa Wagogo njaa ndiyo kalenda: Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, bado inatajwa kwenye koo kwa masimulizi ya waliotangulia. Nyingine za kutumia: wazungu wa karanga kuingia Kongwa 1947 na mradi kufa 1951, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, watu kuhamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, tangazo la 1973 la kuhamishia makao makuu Dodoma, vita vya Kagera 1978–79.

Swali linalozaa kuliko yote ni la siku piano ilipoingia nyumbani. "Bibi, waliipitishia mlango gani?" Mtu husahau tarehe, lakini hasahau wanaume wanane wakihema mlangoni, mlango ukang'olewa bawaba, mmoja akabanwa kidole. Kutoka hapo uliza: gari lilikuwa la nani? Lilitokea upande gani? Nani alilipa? Aliyeipiga wa kwanza alikuwa nani, na alifundishwa wapi? Jibu la hilo la mwisho mara nyingi ni shule au kanisa, na hapo una anwani.

Hakikisha anazungumzia piano hii. Makanisa yetu mengi yalikuwa na vinanda vya kukanyaga, vyenye mifuko ya hewa ndani. Uliza kama miguu ilikanyaga kwa zamu muda wote wa wimbo. Kama ndiyo, huyo anakumbuka chombo kingine.

Kuna swali linalohitaji ulimi laini: piano ilipatikanaje? Mali za Wajerumani zilishikwa na serikali ya Kiingereza baada ya vita vya kwanza, na tena vita vya pili vilipoanza. Sheria ya 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi zikaondoka. Vitu vilinunuliwa, vilipewa watumishi, vilitunzwa "mpaka tutakaporudi". Mzee anaweza kuona unamtuhumu baba yake. Mwambie mapema kwamba unataka kumjua aliyeimiliki kabla, hutafuti wa kumrudishia.

Yote haya yanaingia safu ya "Nimeambiwa", na jina la msemaji na siku. Hayavuki kwenda "Nimeona" mpaka karatasi au alama iyaunge mkono.

Umefanikiwa kama: watu wawili ambao hawakukaa pamoja wametaja jambo moja.

## Hatua ya 9: Fuata makaratasi

Usiende kwenye nyaraka na swali la "piano yetu". Nenda na jina la mtu, mahali, na miaka kumi.

Upande wa Anglikana. Misheni ya CMS (Church Missionary Society ya Uingereza) ilikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Mvumi baadaye. Kumbukumbu zake za Uingereza ziko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka 1927 ilianzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na wamishonari wake wengi walitoka Australia. Hapa mwili wa piano unasaidia: ukikuta jina la Beale la Sydney, kiwanda kilichosifika kwa kushikilia pini kwenye chuma badala ya mbao ili zihimili ukame, anza na Waaustralia kabla ya kuhangaika na Wajerumani.

Upande wa Katoliki. Uliza ofisi ya Jimbo Kuu la Dodoma kuhusu Mapadre Wapasionisti, waliotoka Italia. Daftari la parokia la mambo ya kila siku, kama lipo, lina thamani kuliko kitabu cha ubatizo kwa kazi hii.

Singida na Iramba. Wamishonari wa Kilutheri wa Augustana walitoka Marekani miaka ya 1920. Piano ya Kimarekani kutoka Kiomboi ina uwezekano wa kuwa na mlolongo huo.

Shule. Alliance ya Dodoma ikaja kuwa Mazengo, na leo eneo hilo ni Chuo Kikuu cha St John's. Ukiambiwa "ilitoka Mazengo", tafuta walimu wa zamani wa muziki na orodha za vifaa. Kongwa nako kulikuwa na shule ya watoto wa Kizungu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Serikali. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya wakati wa Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya. Omba hasa majalada ya Msimamizi wa Mali za Adui, maana mali zilizouzwa huko ziliorodheshwa. Chukua kitambulisho na barua ya utambulisho ya mtaa au chuo, na upige simu kabla ya kupanda treni. Gazeti la *Tanganyika Standard*, lililoanza 1930, lilikuwa na matangazo madogo ya watu wanaouza vyombo kabla ya kuondoka nchini. Kuyasoma ni kazi ya kuumiza macho. Fanya kama tayari una mwaka.

Umefanikiwa kama: umepata karatasi moja inayomtaja mtu wako mahali pako katika miaka yako. Piano yenyewe kutajwa ni nadra, na kukosa si kushindwa.

## Hatua ya 10: Andika jalada

Kurasa mbili zinatosha. Kila sentensi iwe na moja ya alama tatu: *hakika*, *inaelekea*, *inasemekana*. Ambatisha picha za namba na nakala za karatasi. Mgawie kila mrithi, na nakala moja uitume kwa barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu vumbi la Dodoma na panya hawachagui.

## Hatua ya 11: Kama vibao vina pembe za ndovu

Fanya hatua hii kabla ya kuuza au kusafirisha. Tazama vibao vyeupe kwa karibu. Pembe kwa kawaida ni vipande viwili, na utaona mstari mwembamba kama unywele pale sehemu pana ya mbele inapokutana na mkia mwembamba. Ndani yake kuna mishipa isiyolingana. Plastiki ya zamani ni kipande kimoja, na mistari yake ikiwepo inafanana mno. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wanavyoshauri wengine: seluloidi, ile plastiki ya zamani, hushika moto kwa ghafla.

Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipita hapa hapa Ugogo, watemi wakitoza hongo, yaani ushuru wa njia, zikaenda Zanzibar, na kutoka huko sehemu kubwa ilikwenda Connecticut, Marekani, ambako viwanda vya Ivoryton na Deep River vilizikata kuwa vibao vya piano. Huenda vibao vyako vimerudi nyumbani. Sheria haijali hilo.

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, pembe ya ndovu ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila hati ni kosa. Biashara ya kimataifa ya pembe ilizuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa uamuzi wa 1989. Nenda na picha na jalada lako idara ya wanyamapori, Wizara ya Maliasili na Utalii, Mtumba, ueleze ni chombo cha urithi na uulize hati gani inahitajika. Usikubali ushauri wa mnunuzi anayekwambia ung'oe tu vile vyeupe umletee. Jibu la ofisi liombe kwa maandishi, lenye muhuri, na uliweke kwenye jalada pamoja na picha za vibao.